Nguzo ya Pembeni Haisimami Peke Yake

Mazungumzo ya redioni. Somo: Kutoka 17:8–16

  Ninyi mlio jikoni mkiandaa chai, ninyi mlio safarini, nanyi mlio vitandani kwa ugonjwa, amani ya Bwana iwe nanyi nyote. Leo twataka kuzungumza juu ya ua wa seng'enge. Pengine mmoja wenu atacheka na kusema, "Kumbe wahubiri hawa wameishiwa na maneno!" La, hatujaishiwa. Ila Bwana Yesu mwenyewe alifundisha kwa mbegu, kwa chachu na kwa nyavu za wavuvi, naye alitufundisha sisi somo moja zito kwa nguzo iliyoinama. Somo hilo lilitugharimu, na kwa sababu hiyo twaona si haki kukaa nalo peke yetu.

Sisi tunaozungumza nanyi tulikuwa wanakamati wa shamba la kanisa letu, katika nyanda za juu upande wa Nyandarua. Wenye kuzijua sehemu zile wanajua kwamba mchana jua laweza kuwaka sana, na usiku baridi ikashuka hata asubuhi ukakuta sakitu nyeupe juu ya majani. Kanisa letu lilikuwa na kipande cha ardhi cha ekari 3. Tuliazimia kufuga ng'ombe wachache wa maziwa, ili fedha zitakazopatikana zisaidie watoto wasio na karo na kutengeneza paa la kanisa. Lakini ng'ombe hawajui mpaka, na upande wa chini wa shamba letu palikuwa na shamba la mama mmoja mjane, mwenye watoto wanne, ambaye mahindi yake ndiyo yaliyokuwa chakula chake cha mwaka mzima. Basi tukasema, kwanza ua, kisha ng'ombe.

Tulifanya kazi ile kwa moyo mkunjufu. Tulinunua nguzo za mtarakwa, maana mti ule una mafuta ndani yake na mchwa hawaupendi. Tulinunua seng'enge ya kutosha nyuzi 5. Tukachimba mashimo kwa mtaimbo na koleo, hatua 4 toka shimo hadi shimo. Kwa pembe ile ya chini, inayotazama shamba la yule mama, tulichagua nguzo nene kuliko zote, hata watu wawili walihangaika kuibeba. Shimo lake lilichimbwa na mzee mmoja wa kanisa letu, kwa mikono yake mwenyewe, akafika kina cha futi 3. Tulipoisimamisha nguzo ile na kushindilia udongo, tuliipigapiga kwa kiganja kama mtu apigavyo shingo la fahali, tukasema, "Hii haiendi popote."

Kisha tukaivuta seng'enge. Hatukuwa na kifaa cha kukazia waya, basi tukafunga ncha ya uzi kwenye pikapu ya ndugu mmoja, naye akasogeza gari polepole huku sisi tukipigilia misumari. Uzi ulikaza, ukalia kama uzi wa zeze ulipoguswa. Tulifurahi sana. Jumapili ile tulimshukuru Mungu kwa ajili ya ua wetu, na wiki iliyofuata ng'ombe wakaletwa.

Sasa hatuna budi kuwaeleza habari za yule mzee aliyechimba shimo. Hatutamtaja jina, kwa maana yu hai na ni mtu mpole asiyependa kutajwa. Wakati ule alikuwa mweka hazina wa kanisa. Yeye pia ndiye aliyekuwa na funguo, aliyewafundisha watoto Jumapili asubuhi, aliyepita nyumba hadi nyumba kukusanya michango ya harambee, aliyekwenda na wagonjwa hospitalini, na aliyeitwa usiku palipotokea msiba. Kila palipozuka kazi mpya katika mkutano, tulitazamana, kisha mmoja wetu alisema, "Mpeni mzee, yeye hakatai." Naye kweli hakukataa. Shamba la ng'ombe lilipoanza, tulimwongezea hesabu za maziwa.

Mke wake alikuwa mgonjwa kwa miezi mingi. Jambo hilo tulilijua. Tulilitaja katika maombi kila Jumapili, tukamwomba Mungu amtie nguvu mtumishi wake. Kisha tulikwenda nyumbani kwetu.

Basi ikafika miezi ya baridi. Asubuhi moja tuliona kwamba nyuzi za upande wa chini zimelegea kidogo. Tukasema si neno, tukazikaza tena kwa pikapu. Baada ya wiki chache zikalegea tena, tukazikaza tena. Hapana aliyeitazama nguzo ya pembeni, kwa maana ile tulikwisha kuiamini. Mvua zilipokuja na udongo ukalowa, nguzo ile nene iliinama kuelekea ndani ya shamba, kama mtu anayesinzia, na udongo wa upande wa nyuma yake ukafunguka ufa unaoweza kuingiza mkono. Nyuzi zote tano zikaning'inia. Usiku ule ng'ombe wa kanisa wakapita juu yake, wakaingia katika mahindi ya yule mjane, mahindi yaliyokuwa yameanza kutoa vitambi.

Alfajiri alitujia. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni pa kanisa na bua moja mkononi, akasema, "Wazee, hamjambo. Nilisikia kwamba hawa ni ng'ombe wa Bwana. Lakini naona wanakula kama ng'ombe wengine." Tulitazama chini. Tulimlipa magunia, ndiyo, lakini kuna aibu isiyolipwa kwa magunia. Kwa muda mrefu hakukanyaga ibadani, na watoto wake pia hawakuja.

Haikupita wiki mbili, Jumapili moja tukakuta kanisa limefungwa. Funguo zilikuwa zimetundikwa kwenye kitasa, pamoja na daftari ya hesabu iliyofungwa kwa kamba, na kipande cha karatasi chenye maneno haya: "Wapendwa, nimechoka. Naomba mnisamehe." Ndugu wasikilizaji, twaona haya kuwaambia yaliyofuata. Wengine wetu walisema, "Mzee amerudi nyuma." Wengine walisema, "Chunguzeni ile daftari, huenda kuna jambo." Tukaichunguza. Hakuna hata shilingi moja iliyopotea. Ila tuligundua kwamba mara tatu, michango ilipopungua, alikuwa amejaza pengo kwa fedha zake mwenyewe, wala hakumwambia mtu.

Hivyo kwa mwezi mmoja tulipoteza nguzo mbili, wala hatukuona kwamba zina uhusiano.

Kwa habari ya ua, tulimwita fundi. Alikuwa mzee wa makamo ya juu ambaye ujana wake aliumaliza akijenga nyua katika mashamba makubwa ya ng'ombe. Alikuja na begi la vyombo, akatembea kimya kando ya ua wote, kisha akasimama penye ile nguzo iliyoinama. Akatuuliza, "Nguzo hii mliiegemeza kwa nini?"

Tukamjibu, "Mzee, hatukuiegemeza. Tulichagua iliyo nene."

Akatikisa kichwa, akasema, "Unene si egemeo."

Kisha akatueleza, nasi tutajaribu kuwaeleza kama alivyosema, maana wengi wenu ni wakulima na jambo hili litawafaa hata kesho asubuhi. Nguzo za katikati ya ua, alisema, kazi yake ni ndogo. Huushikilia tu waya usishuke. Nguzo ambayo hubeba ua wote ni ile ya pembeni, na ile ya langoni, kwa maana hapo ndipo waya unapofungwa. Ukiwa na nyuzi 5, na kila uzi ukaukaza kwa nguvu ya kilo 100 tu, nguzo ile inavutwa kwa kilo 500, mchana na usiku, pasipo kupumzika. Nao uzi wa juu unaivuta karibu na kichwa chake, kama mtu anayeng'oa mti kwa kuuvuta kileleni. Udongo mkavu waweza kuvumilia kwa muda. Udongo ukilowa hauwezi.

Tena akatukumbusha baridi yetu. Chuma hufupika kwenye baridi. Uzi wa mita 100 hupungua kama milimita 24, yaani karibu inchi 1, joto likishuka kwa digrii 20. Basi waya mliokaza sana mchana wa jua, usiku hujikaza wenyewe zaidi. Ama utakatika, ama utaisogeza nguzo. Asubuhi jua likiwaka, waya hurefuka tena, lakini nguzo hairudi. "Nanyi mkaona waya umelegea," akasema, "mkaukaza. Kila mlipoukaza mliisukuma nguzo hatua nyingine ya kuanguka kwake. Mlitibu waya, na mgonjwa alikuwa nguzo."

Tukamwuliza, "Basi ifanywe nini, mzee?"

Akatufundisha njia mbili. Njia ya kwanza ni gogo la kuegemeza. Huchukua gogo lenye nguvu, likalazwa mshazari upande ule ambao nguzo inavutwa kwenda, sambamba na waya. Kichwa chake huchongewa nafasi katika nguzo, na mguu wake hukaa juu ya jiwe bapa lililofukiwa ardhini. Pembe ikiwa na nyua mbili zinazokutana, maegemeo huwa mawili, moja kwa kila upande unaovuta. Njia ya pili ni kusimamisha nguzo ya pili, karibu futi 8 kutoka ile ya pembeni, katika mstari uleule wa ua. Juu huunganishwa kwa gogo lililolala. Kisha waya mzito hufungwa mshazari, toka kichwa cha ile nguzo ya pili hadi mguuni pa nguzo ya pembeni, ukazungushwa mara mbili na kusokotwa katikati kwa kijiti mpaka ukaze. Hapo nguzo mbili zimekuwa kitu kimoja. Ya pembeni ikivutwa, husukuma gogo, gogo husukuma nguzo ya pili, nayo nguzo ya pili huzuiwa na ule waya wa mshazari. Hakuna inayobeba peke yake.

Akaongeza maonyo yake. Udongo urudishwe shimoni kidogo kidogo, kama inchi 6 kwa mara moja, na kila tabaka lishindiliwe kabla ya jingine. Misumari ya katikati ya ua isipigiliwe mpaka ndani kabisa, ili waya upate kuteleza kidogo unaporefuka na kufupika. Tena waya usivutwe kwa gari hata kidogo, bali kwa kifaa cha mkono, kwa maana gari halisikii uzito, na seng'enge ikikatika hurudi kama nyoka na kumpasua mtu uso. Mwenye kukaza na avae glovu na kusimama nyuma ya nguzo. Na juu ya yote akasema, "Egemeo hutangulia. Usiguse waya kabla ya kuliweka."

Seng'enge si kitu cha kale. Mkulima mmoja wa Illinois huko Marekani, Joseph Glidden, alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1874, nayo ikaenea ulimwenguni, ikafika hata katika nyanda zetu hizi. Sisi wa upande huu tunaujua pia ule ua mkubwa wa umeme unaouzunguka msitu wa Aberdare, wenye urefu wa takriban kilomita 400, ulioanza kujengwa mwaka 1989 na kukamilika mwaka 2009. Uwe ua wa kilomita 400 ama wa ekari 3, kanuni ya yule fundi ni ileile. Penye mvuto mwingi pawe na egemeo.

Fundi yule hakujua lolote juu ya mzee wetu. Lakini aliposema kwamba unene si egemeo, sisi tulionyamaza pale tulitazamana, na kila mmoja alijua mwenzake anawaza nini. Jioni ile tulikwenda nyumbani kwa mzee. Tulikwenda bila daftari na bila ajenda.

Alitupokea vizuri. Tulimkuta akipika uji, kwa maana mkewe hakuweza kuinuka. Tulimwomba msamaha, naye hakutulaumu. Ila mmoja wetu alipomwuliza, "Mzee, mbona hukutuambia umelemewa?" alikoroga uji wake kwa muda, kisha akasema, "Kila Jumapili mlikuwa mkiniombea nguvu, nami niliitikia Amina. Lakini nikirudi hapa nilikuwa nikitamani mmoja wenu aje achote maji."

Ndugu zetu, maneno hayo hatujayasahau. Tulikuwa tumemwomba Mungu aifanye nguzo kuwa nene zaidi, ili sisi tuendelee kukaza waya.

Tufungue sasa Maandiko, katika kitabu cha Kutoka, sura ya 17. Israeli walipigana na Amaleki huko Refidimu. Musa alipanda juu ya kilima na fimbo ya Mungu mkononi mwake. Alipoinua mikono, Israeli walishinda, na alipoishusha, Amaleki walishinda. Lakini mikono ya Musa ikawa mizito. Tazameni jambo hili kwa makini. Huyu ndiye Musa aliyesimama mbele ya Farao na kuivuka bahari, rafiki wa Mungu. Imani yake haikuwa imepungua siku ile. Ila mikono ya mwanadamu, ikiinuliwa tangu asubuhi, huchoka, hata ikiwa ni mikono ya nabii.

Je, Haruni na Huri walifanya nini? Hawakusimama mbali wakampigia makofi. Hawakumwambia ajikaze. Wala Maandiko hayatuambii kwamba walimkemea kwa udhaifu wake. Kwanza walitwaa jiwe wakaliweka chini yake, akaketi juu yake. Kisha mmoja akasimama upande huu na mwingine upande huu, wakaitegemeza mikono yake, ikathibitika mpaka jua likachwa. Jiwe chini, na egemeo kila upande! Tulipoisoma sura hii baada ya kumsikiliza yule fundi, tuliona kana kwamba tunaisoma kwa mara ya kwanza.

Na ukifungua ukurasa unaofuata, sura ya 18, unamkuta Yethro, mkwewe Musa, akimtazama akiwaamua watu tangu asubuhi hata jioni. Yethro hakumsifu kwa bidii. Alimwambia wazi kwamba jambo lile si jema, kwamba atadhoofika yeye na watu walio pamoja naye, akamshauri achague watu waaminifu wawe wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi, wachukue mzigo pamoja naye. Hata mitume, katika Matendo sura ya 6, kazi ya kuwahudumia wajane ilipozidi, hawakujitia kuibeba yote, bali watu saba walichaguliwa. Basi twaona wazi kwamba kumwegemeza mtumishi si huruma ya kibinadamu tu. Ni utaratibu wa Mungu kwa watu wake.

Sasa twataka kuwaachia mambo matatu, yote tuliyajifunza penye nguzo ile.

La kwanza, egemeo liwe upande unaofaa. Gogo lililowekwa upande wa nyuma ya nguzo, pasipo mvuto, husimama pale kama pambo. Halizuii kitu. Ndivyo zilivyo sifa zetu nyingi. "Mchungaji, mahubiri yako yanatujenga sana." "Mama, wewe ni hodari, hatujui unawezaje." Maneno ni mazuri, lakini yako upande usio na mzigo. Jiulize kwanza, mtu huyu anavutwa wapi? Huenda si kanisani hata kidogo. Huenda ni karo ya shule, au mtoto aliyepotea mjini, au mgonjwa asiyelala usiku. Nenda usimame upande huo.

La pili, egemeo lisiwekwe juu mno. Fundi alituonyesha kwamba gogo likigusa nguzo karibu na kichwa chake, na mguu wake ukawa karibu mno, waya ukivuta gogo huinua nguzo na kuing'oa shimoni taratibu. Hapo kitu kilichowekwa kusaidia ndicho kinachoharibu. Liguse chini kidogo ya kichwa, na mguu wake uende mbali. Nasi twaweza kumsaidia mtu kwa namna ya kumwinua juu mno, tukamtangaza, tukamfanya asiyekosea, mpaka akakosa mahali pa kukanyaga. Msaada ulio mwema hukaa chini. Huchota maji, hupika uji, hukaa na mgonjwa ili mwingine apate kulala. Mara nyingi hautangazwi ibadani.

La tatu, mguu wa egemeo ukae juu ya jiwe. Gogo lililochomekwa katika udongo mtupu litazama lenyewe siku ya mvua, na nguzo itainama pamoja nalo. Ninyi mnaowasaidia wengine, nanyi mna haja ya kukanyaga mahali imara. Tukiwaegemeza ndugu zetu kwa nguvu zetu tu, tutachoka kama wao. Lakini Mwamba wetu ni Kristo, naye hazami. Ndiyo maana maombi hayakupotea katika somo hili. Mtu asituelewe vibaya akasema kwamba twadharau maombi. Twasema kwamba aombaye kweli huinuka pale alipopiga magoti na kwenda kuwa sehemu ya jibu.

Labda wewe unayetusikiliza leo ndiwe nguzo ya pembeni. Ndiwe binti mkubwa unayelea wadogo zako, au mwalimu ambaye ukoo mzima wamtazama mwisho wa mwezi, au mchungaji mwenye makanisa mengi na baiskeli moja. Umeanza kuona ufa nyuma yako, lakini unaona aibu kusema. Ndugu, Musa hakuficha mikono yake. Ilionekana kuwa mizito, na ndiyo sababu ndugu zake waliweza kuishika. Kusema "nimelemewa" si kurudi nyuma. Mwambie mmoja, mwambie leo.

Na labda wewe ndiwe mmoja wa waya. Unakaza tu. Kila udhaifu unaouona kwa mwenzako, dawa yako ni kumkaza zaidi. Tulikuwa kama wewe. Acha kukaza kwa wiki moja, ukamtazame mtu mwenyewe.

Pengine mnataka kujua mambo yaliishaje. Nguzo ile ile tuliisimamisha tena, maana haikuwa na kosa lolote, tukaipa maegemeo mawili juu ya mawe mawili, tukakaza nyuzi kwa kifaa cha mkono. Imesimama mpaka leo, ingawa mvua nyingi zimepita. Kazi za mzee tuligawanya watu watano, na hata hao watano walishangaa jinsi zilivyokuwa nzito. Akina mama wa kanisa walipanga zamu za kwenda nyumbani kwake, na vijana wakachota maji. Mkewe alilala katika Bwana kabla ya mwaka kwisha, naye mzee aliketi usiku ule na watu kila upande wake. Hakurudi kuwa mweka hazina, wala hatukumwomba. Huwafundisha watoto tu, kazi ambayo aliipenda tangu mwanzo.

Na yule mama mjane? Siku tulipokuwa tukiweka jiwe la egemeo, alisimama upande wake wa ua akitutazama. Mwisho akauliza, "Safari hii mmeiegemeza?" Tukasema, "Ndiyo, mama, tumeiegemeza." Akaenda zake bila kusema neno. Jumapili ya pili baada ya hapo, watoto wake wanne walikuja katika darasa la mzee. Yeye mwenyewe alikawia zaidi, nasi hatukumvuta.

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, wewe ujuaye uzito wa kila mzigo, twakushukuru kwa wale ambao nyumba zetu na makanisa yetu yamefungwa kwao. Tusamehe tulivyowakaza bila kuwaegemeza. Tufungue macho tuone ufa ulio nyuma yao kabla mvua haijanyesha. Wenye kulemewa wape ujasiri wa kusema, nasi utupe miguu ya kwenda kwao. Utuweke sote juu ya Mwamba usiotikisika. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Ndugu wasikilizaji, kabla ya jua kuchwa leo, mfikirie mtu mmoja. Kisha uende kwake, na ukienda, chukua mtungi wa maji. Kwaherini, Mungu awabariki.